Simu ya Mke wa Daktari wa Wanamaji

"Alikuwa mwanamke wa Kibarabaig, afande, hilo sina wasiwasi nalo," alisema Farouk. "Shuka jekundu, amejitanda hadi machoni. Bangili za shaba mkono mzima. Uso sikuuona."

Inspekta Nicodemo Margwe aliegemea kaunta ya kibanda cha simu, pale sokoni Katesh, akamtazama Farouk kama mtu anayechagua ndizi. Farouk alikuwa mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Kondoa, na tangu simu za mkononi zianze kuingia mjini biashara yake ilikuwa inapumua kwa shida. Mtu wa namna hiyo hukumbuka wateja wake wote, maana hawamsumbui kwa wingi.

"Alisemaje?"

"Mimi sisikilizi simu za watu, afande."

"Farouk."

"Basi, kidogo tu. Kibanda chenyewe si unakiona? Hata ukiziba masikio unasikia."

Kilichomleta Margwe pale kilikuwa kibaya kuliko kilivyoonekana. Wiki iliyopita, simu ilitoka katika kibanda hicho ikaenda hadi kamandi ya wanamaji kule pwani. Mwanamke alijitambulisha kuwa mke wa Luteni Kanali Daktari Clement Gidahosh, mzaliwa wa Hanang, akasema mumewe ana kifafa na amekificha miaka yote. Simu ilifika wakati jina la Clement liko mezani kwa cheo cha Kanali na kiti cha Mganga Mkuu wa wanamaji. Jina likaondolewa mezani siku hiyo hiyo. Polisi wa jeshi wakawaandikia wakubwa wa Babati, maana tangu mkoa wa Manyara ukatwe kutoka Arusha kila kitu kinapitia Babati. Babati wakaitupa Katesh, na Katesh wakamtupia Margwe, kama kawaida yao.

Clement naye alikuwa amekwisha kupanda basi kuja nyumbani kumfukuza mke. Wazee wa ukoo walikuwa wanakutana mchana huo bomani, chini ya Endasak. Wakikubali kwamba mke huyo, Restituta, ndiye aliyepiga, angeondoka na shuka lake tu, na watoto wangebaki. Kwa Wabarabaig mtoto ni wa boma la baba. Hakuna mahakama ya Katesh ambayo ingeweza kumrudishia kabla hawajaota ndevu.

"Alisema, mimi ni mke wa Clement," Farouk aliendelea. "Nadhani walimwuliza Clement yupi, maana akasema, Clement Gidahosh. Laini ilikuwa inakwaruza. Akarudia kwa nguvu: Gidahosh! Gidahosh! Mpaka muuza vitunguu akageuka."

"Halafu?"

"Halafu akaeleza ugonjwa. Alisema kwanza inakuja harufu ya nyasi zinazoungua. Hakuna moto popote, lakini harufu hiyo inakuja. Kisha ladha ya chuma mdomoni. Kisha giza." Farouk alijikuna shingo. "Hata mimi nilinusa, afande. Niliogopa soko linawaka."

"Kiswahili chake?"

"Cha shule. Kizuri tu."

Restituta alikuwa amemaliza darasa la saba. Nusu ya wilaya pia. Margwe aliaga akaondoka, na mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu lake kama kofia ya mdaiwa asiyetaka kujulikana.

Kituoni alipiga simu pwani, kwa mtu ambaye kila mpelelezi mwenye akili timamu angeanza naye. Luteni Kanali Daktari Joakimu Sulle alikuwa mtoto wa Dongobesh, naye daktari wa wanamaji, na kiti alichokitaka Clement ndicho alichokitaka yeye.

"Unamwonea wivu?" Margwe aliuliza bila kuzunguka.

"Sana," alijibu Sulle. "Andika hivyo hivyo."

Margwe alishusha kalamu. Watu wenye hatia huwa hawajibu namna hiyo, ila wale wenye hatia na akili nyingi.

"Sikiliza, Inspekta," sauti iliendelea. "Sisi wawili tulitoka huko juu ambako maji mengi tuliyoyaona ni ya Ziwa Basotu. Tukasoma udaktari pamoja. Tukaenda Monduli kufanywa maofisa, tukavaa nyota ya Luteni siku moja. Mimi nilipangiwa zahanati ya kambi, nikatibu malaria na miguu iliyoteguka. Yeye akapangiwa meli ya doria. Ukapteni tukapata pamoja. Halafu ikaja nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea tiba ya wapiga mbizi. Nafasi moja. Akaenda yeye. Aliporudi akapewa Umeja na hospitali ya kambi, nami nikawa namwandalia ripoti. Jeshini, bwana, madaktari bingwa ni wengi, lakini ngazi inavyopanda inakuwa nyembamba, na juu kabisa anasimama mmoja. Yule mmoja siku zote amekuwa Clement. Nisimwonee wivu nina moyo wa jiwe?"

"Kwa hiyo umempata."

"Nimempata nini? Bodi yote imeahirishwa. Na mimi nimekaa nje kama yeye. Tena hiyo hadithi ya kifafa ni ya kijinga. Tunapimwa kila mwaka, wanamaji zaidi ya wengine. Mwenye kifafa hapiti hata mlango wa kwanza. Anakataliwa siku ya usaili. Clement mwenyewe alikaa kwenye meza hiyo ya kupima, anaijua."

"Alikaa lini?"

"Alipokuwa Kapteni. Walikuwa wanachukua wauguzi, usaili ukafanyika Arusha. Alirudi hasemi na mtu wiki nzima. Nilidhani ameugua. Sikumwuliza, maana nilikuwa nafurahia."

Margwe aliweka simu chini. Huyu Sulle alimpendeza, na hilo lilimwudhi. Yeye mwenyewe alikuwa Inspekta tangu Hanang ikiwa bado Arusha. Vijana aliowafundisha kushika pingu walikuwa wakimpita na nyota mabegani wakimwita "mzee". Aliijua vizuri njaa ya mtu anayeandaa ripoti za mwenzake. Akachukua ufunguo wa pikipiki.

*

Boma la marehemu mzee Gidahosh lilikuwa mahali mashamba ya mahindi ya Endasak yanapokoma na tambarare ya ng'ombe inapoanza. Wazee walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa kando ya zizi na fimbo zao, wakisubiri Festo, kaka mkubwa wa Clement na mwenye boma sasa, amalize kugawa pombe ya asali. Margwe aliwaamkia mmoja mmoja kama inavyotakiwa, akaomba aongee na watu wa nyumba kabla kikao hakijaanza. Walimkubalia kwa shingo upande. Mwiraqw wa Masieda kuja kuuliza maswali katika boma la Wabarabaig ni jambo ambalo babu wa pande zote mbili wasingelivumilia.

Clement alikuwa amesimama peke yake nyuma ya nyumba. Hakuvaa sare, lakini mgongo wake ulikuwa umevaa. Viatu vyake viling'aa hata kwenye vumbi lile, na Margwe alijikuta anaficha vya kwake kwenye majani.

"Hakuna cha kupeleleza," alisema Clement. "Ni mke wangu. Ana wivu. Anadhani nina mwanamke kule Kigamboni. Aliwahi kumwambia shemeji yake kwamba nimeolewa na meli."

"Una mwanamke Kigamboni?"

"Sina muda hata wa kunyoa, Inspekta."

"Una kifafa?"

"Ningekuwa nacho nisingeshuka majini na wapiga mbizi."

"Basi una uhakika gani ni yeye aliyepiga?"

"Aliyepokea simu ni kijana wangu wa kazi kule kamandini. Ameniambia mwenyewe: ni sauti ya mwanamke wa huku, anasema yeye ni mkeo, ametaja jina lako lote, Clement Gidahosh, tena zaidi ya mara moja. Nani mwingine? Nimepanda ngazi hii tangu nikiwa navaa kandambili. Imebaki hatua moja. Anivute mguu mtu ninayelala naye!"

Restituta alikuwa ameketi nje ya nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa kwa kufuli nyuma yake. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa Getruda, mke wa Festo, na kila walipojaribu kumkimbilia mama yao walirudishwa. Hakuwa analia. Alikuwa amekwisha kulia, macho yalionyesha.

"Si mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nimesema kwa Clement, nimesema kwa Festo, nimesema kwa wazee. Si mimi."

"Aliyepiga alivaa shuka jekundu."

"Kama langu. Najua. Langu lilitoweka kwenye kamba wiki iliyopita. Kesho yake likarudi, limefuliwa tena. Nikadhani ni Getruda."

Margwe alifungua daftari la maelezo. "Jina la mume wako?"

"Clement."

"Clement nani?"

Restituta alitazama chini.

"Clement nani, mama?"

"Unalijua, afande."

"Nalijua, lakini haya ni maelezo yako. Useme wewe."

"Andika, wa boma hili."

"Jina."

Alinyamaza kabisa. Margwe aliona ukaidi, na ukaidi kwake ulikuwa nusu ya hatia. Alifunga daftari kwa kishindo. Mtu anayeshindwa hata kutaja jina la mumewe, alijisemea, ana jambo linalomkaba koo. Akatembea hadi jikoni kwa Getruda akiwa karibu kabisa kuwaachia wazee waendelee.

Getruda alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu. "Shikamoo, afande. Uulize haraka, uji utaungua."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefua shuka la Restituta?"

"Mimi? Nina yangu rundo zima pale."

"Haya. Jina la mume wako, kwa ajili ya maelezo?"

"Festo."

"Festo nani?"

Getruda aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. "Afande! Unataka nilaaniwe?"

Margwe alikaa kwenye kigoda polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Hebu nieleze," alisema.

"Hilo jina la pili si la baba mkwe? Mke wa boma halitamki. Hata neno linalofanana nalo tunalizunguka, tunatafuta lingine. Nilipoolewa nilikaa mwaka nazungumza kama mlevi kwa kutafuta maneno. Sasa nimezoea. Kwenu Masieda mnasema tu hovyohovyo?"

"Lakini mzee amekwisha kufa."

"Ndiyo mbaya zaidi."

"Na kwenye simu je?"

Getruda alimtazama kwa huruma. "Kwani simu inaziba masikio ya wafu?"

Kibandani Katesh, mwanamke alilipiga kelele jina hilo mpaka muuza vitunguu akageuka. Margwe alitazama uani, akaona shuka jekundu la Restituta limejikunyata mbele ya mlango wenye kufuli. Hata sasa, watoto wake wakiwa wanachukuliwa, alikuwa amekataa kulitaja mbele ya polisi. Si mke yeyote wa boma hilo aliyepiga. Basi ni nani anayelifikia shuka kwenye kamba, anayejua bodi ya vyeo imekaribia, na ambaye ulimi wake haujafungwa?

Mlangoni kivuli kilipita. Mwanamke aliyevaa gauni jeupe la kiuguzi aliingia akitokea zahanati, mikono ya gauni imeshuka hadi vidoleni japo jua lilikuwa kali. Akainama kuchukua kijinga motoni.

"Wifi! Toka hapo motoni," Getruda alisema kwa haraka, akamshika bega na kumsogeza. "Kaa huku. Nitakuletea mimi."

Mwanamke yule alitii bila neno, kama aliyezoea. Mkono wa gauni ulipanda kidogo, na Margwe akaona kovu la moto, la zamani, ngozi imevutika kutoka kiganjani hadi ndani ya nguo.

"Polisi?" aliuliza yule mwanamke. "Mimi ni dada yao. Naitwa Tekla Gidahosh."

Alilitaja kirahisi, kama mtu anavyotaja siku ya soko.

*

Margwe alimwomba Tekla watembee hadi upande wa pili wa zizi. Ng'ombe walikuwa malishoni, palikuwa na inzi na harufu ya samadi tu.

"Unasikia harufu gani?" Margwe aliuliza.

"Samadi."

"Si nyasi zinazoungua?"

Tekla alisimama.

"Aliyepiga simu aliisema harufu hiyo," Margwe aliendelea taratibu. "Na ladha ya chuma. Nimemwona mtu wa kifafa akianguka, dada Tekla. Nimeona povu, nimeona miguu inapiga. Harufu sikuiona. Mke angesimulia anachokiona. Harufu anaijua mwenye kuanguka mwenyewe."

"Wapo wagonjwa wengi. Mimi ni muuguzi, wananisimulia."

"Wanakusimulia. Na huo mkono, uliuunguza ukiwasikiliza?"

Tekla alishusha mkono wa gauni, lakini alikuwa amechelewa. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amefika mwisho wake akiwa bado anatafuta pa kukata kona. Alipoanza kusema, alisema yote, kwa sauti isiyopanda.

"Mimi ndiye niliyemfundisha Clement kuhesabu. Kwa mawe, hapo ulipokanyaga. Hesabu nilimshinda, sayansi nilimshinda. Nikapata uuguzi kwa kutoroka kuchunga. Walipotangaza wauguzi wa jeshi, nikasema, huko ndiko kwangu. Nilikuwa nakunywa dawa, nilikuwa sijaanguka muda mrefu. Nikaenda Arusha. Naingia chumba cha kupimwa, nani yuko mezani? Mdogo wangu, na nyota zake. Nikafurahi, Inspekta! Nilidhani nimefika."

"Akakukataa."

"Aliandika, hafai. Hakuniangalia. Akaita, mwingine."

"Ilikuwa sheria."

"Najua ilikuwa sheria!" Sasa sauti ilipanda. "Ungekuwa uonevu ningeshausahau. Yeye akaenda baharini, mimi nikarudi kuvuta harufu ya nyasi. Ukapteni, Umeja, kila cheo tunachinja ng'ombe hapa na mimi napiga vigelegele. Hakuna mwanamume aliyenioa, nani anataka mke wa kuanguka motoni? Restituta ameolewa, amezaa, na Clement akipata Ukanali atamhamishia pwani kwenye nyumba ya maofisa. Amefanya nini yule zaidi ya kuolewa? Nilitaka siku moja tu na yeye aambiwe, hufai. Siku moja aone kulivyo."

"Na shuka la Restituta?"

"Nilitaka waamini ni mke. Kwenye simu wakaniuliza, Clement nani. Nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Ni jina langu pia." Alicheka bila furaha. "Ningekuwa nimeolewa, ulimi wangu ungekuwa umefundishwa kuogopa majina."

Margwe alitaka kumchukia, akashindwa. "Wazee wanaanza," alisema. "Restituta anapokonywa watoto. Nikienda kusema mimi, umeletwa na polisi. Ukienda kusema wewe, umekuja mwenyewe."

Tekla alikunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko, yote miwili, kovu likaonekana juani, akatangulia.

*

Alisema mbele ya wote akiwa amesimama. Wazee waliposikia jina lilitajwa kibandani, tena kwa kelele, walitazamana, na mmoja akamgeukia Festo kwa hasira: mbona hawakuambiwa hilo tangu mwanzo? Waliambiwa tu kwamba mke amepiga simu. Wangejua, wasingeacha mifugo yao kuja kunywa pombe ya bure. Kikao kikavunjika pale pale, na Getruda akawaachia watoto, nao wakakimbia.

Clement alikuwa amekaa, viatu vyake vimejaa vumbi.

"Umekunywa dawa leo?" alimwuliza dada yake.

"Ulinipima mara moja," alisema Tekla. "Inatosha."

Akaenda mwenyewe kusimama kando ya pikipiki ya polisi.

Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwa Clement. Aliutoa, akautazama, akaenda nao hadi kwa mkewe, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa watoto na hakuwa na wa kupokelea ufunguo.

"Mbona hukuniambia?" alisema. "Neno moja tu. Ungesema, Clement, mimi ningelitajaje jina hilo?"

"Nilikuambia si mimi."

"Ndiyo, lakini..."

"Tumeoana miaka yote hii," alisema Restituta. "Ulipoambiwa nimelitaja jina la baba yako kwa mdomo wangu, hukushangaa."

Margwe, ambaye mapema siku hiyo alikuwa amemwonea wivu mtu huyu kwa sababu ya viatu, aligeuka kando kuangalia mlima.

"Njoo nami pwani," Clement alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Bodi itakaa tena. Wakusikie wewe mwenyewe, sauti yako, wajue si wewe. Bila hivyo sipandi."

"Watanipa kiti, wataniuliza jina la mume wangu?"

"Ndiyo. Ndiyo utaratibu."

"Nitasema Clement. Wataniuliza, Clement nani." Restituta alimsogeza mtoto mdogo kiunoni, akauchukua ufunguo. "Nitanyamaza. Na wewe utawaeleza kwa nini nimenyamaza, kama utakuwa bado unakumbuka."

Akafungua mlango wake, akaingia na wanawe. Hakuufunga, lakini hakumkaribisha.